Ushahidi wa Mashine Inayochemka

Kompyuta ikishafikisha miaka kumi na kuanza kuchemka, watu wengi huihesabu kuwa imekwisha. Feni inalia mfululizo, sehemu ya chini ya laptopu haipakatiki, na programu iliyokuwa ikifunguka kwa sekunde tatu sasa inachukua ishirini. Mwenye ofisi anataka mpya, na fundi anashauri iuzwe kwa vipuri. Hoja yangu ni kwamba kwa kazi moja mahususi, yaani kujaribu programu kabla hazijawafikia wateja, mashine ya namna hiyo bado ina thamani ambayo mashine mpya haina. Lakini kuna sharti. Joto lake lazima lipimwe na kudhibitiwa, na lolote inalosema lithibitishwe kwanza ndipo liaminiwe. Wengi huitaka thamani hiyo na kuliruka sharti, na sharti likirukwa, afadhali kutokuwa na mashine hiyo kabisa.

Tuanze na joto lenyewe, maana hapo ndipo penye dhana potofu ya kwanza. Prosesa ya leo haiungui kirahisi. Wanaokumbuka mwaka 2001 watakumbuka filamu fupi iliyotolewa na Tom's Hardware, ambamo bati la kupozea liliondolewa juu ya prosesa huku mchezo wa Quake III ukiendelea. Pentium 4 ilijipunguza kasi, picha zikawa za kukatikakatika, na bati liliporudishwa ikaendelea kama kawaida. Athlon ya wakati ule ilitoa moshi na kufa papo hapo. Tangu hapo kinga ya aina ile imekuwa kitu cha kawaida. Prosesa nyingi za Intel zinazotumika kwenye laptopu zina kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi: zikikaribia hapo hujipunguza kasi, na zikizidi sana mashine hujizima. Kwa hiyo laptopu inayochemka kwa kawaida haipo karibu kuungua. Ipo katika hali inayomsumbua mjaribu programu zaidi ya kuungua, kwa sababu inabadilisha kasi yake kila baada ya muda mfupi bila kumwambia mtu. Jaribio lililopita asubuhi kwa sekunde 40 linaweza kuchukua dakika mbili mchana, na aliyeandika programu akapoteza siku nzima akilitafuta kosa ambalo hakulifanya.

Na si kasi peke yake. Prosesa ina kinga yake, lakini vinavyoizunguka, yaani ramu, pawasaplai na vikapasita vya kwenye mazabodi, mara nyingi havina. Hivi vikilegea, si lazima mashine izime. Inaweza kuendelea kufanya kazi huku ikitoa majibu ya uongo mara moja moja. Prosesa nayo, ikilazimishwa kasi, hufanya hivyo. Mwaka 2005 Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, alieleza habari za ripoti za programu kuanguka ambazo kimantiki hazikuwezekana. Amri iliyodaiwa kuiangusha programu ilikuwa ile ya kuifanya sehemu moja ndogo ndani ya prosesa kuwa sifuri, amri isiyogusa kumbukumbu wala kitu kingine chochote. Wenye mashine walipofuatiliwa, ikadhihirika kwamba prosesa zao zilikuwa zikiendeshwa kwa kasi inayopita kiwango cha kiwandani, nyingine zikiwa zimeuzwa hivyo dukani bila mnunuzi kujua. Wahandisi wazoefu walikuwa wameketi kuchunguza kosa la programu, kumbe mgonjwa ni mashine.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa watengenezaji wa mchezo wa Guild Wars, uliotoka mwaka huo huo wa 2005. Patrick Wyatt, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya ArenaNet, amesimulia jinsi walivyokuwa wakipokea ripoti za kuanguka zisizoeleweka, hadi mwenzake Mike O'Brien alipoingiza ndani ya mchezo kipande kidogo cha programu kilichokuwa kikipiga hesabu zenye majibu yanayojulikana, mara kadhaa kila sekunde, mchezo ukiwa unaendelea. Jibu likitofautiana na lile linalojulikana, basi mashine ndiyo yenye hitilafu. Takribani asilimia moja ya kompyuta za wachezaji zilifeli mtihani huo. Sababu walizozikuta ni zile zile anazozijua kila fundi: prosesa iliyolazimishwa kasi, ramu iliyowekwa mipangilio mibaya, pawasaplai dhaifu, feni isiyotosha au iliyojaa vumbi. Asilimia moja inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba mtu aliyekusanya kompyuta kuukuu kwa ajili ya majaribio amezichagua, bila kukusudia, kutoka katika kundi lile lile.

Kutokana na hayo, kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kumtendea huyu mkongwe kama hakimu anavyomtendea shahidi asiyemjua: kabla ya kumuuliza usilolijua, muulize unalolijua. Vyombo vya kufanyia hivyo vipo na ni bure. Memtest86+ ikiachwa usiku kucha itasema kama ramu ni nzima. Miaka ya 1990 Mholanzi Rogier Wolff alikusanya maelezo marefu ya kwa nini kompaila ya GCC huanguka kwa alama ya 11 watu wanapojenga kiini cha Linux, na jibu lake mara nyingi lilikuwa ramu au joto. Kujenga kiini cha Linux kunaishughulisha mashine kila kona kwa muda mrefu, kwa hiyo kasoro iliyojificha huibuka hapo. Hadi leo, katika mifumo kama Ubuntu, GCC ikianguka huirudia kazi ile ile, na safari ya pili ikipita salama humwambia mtumiaji kwamba huenda tatizo lipo kwenye mashine au mfumo. Naliona hili kuwa jambo la busara ambalo kila anayeandaa majaribio angeliiga. Kosa linalotokea mahali pale pale kila mara ni la programu. Linalohamahama, leo hapa kesho pale, lishukiwe kuwa la mashine. Katikati yapo makosa yanayotegemea bahati ya wakati, ambapo sehemu mbili za programu zinashindana kufika mahali pamoja, nayo pia huhamahama. Hayo ndiyo yanayowachanganya watu. Njia ya kuyatenga ni kuhamishia jaribio kwenye mashine ya pili ya rika lile lile: ikiwa na yenyewe inayaonyesha, programu ina kosa.

Baada ya kumjua shahidi, apozwe. Hapa kazi ya mikono ina maana kuliko vifaa vya kununua. Wengi hupuliza laptopu kwa blowa kutoka nje, kwenye tundu la hewa, na vumbi jingi linatoka, wakaridhika. Ukifungua mfuniko wa chini na kuinua kifuniko cha feni utaona kilichobaki: kati ya feni na mapezi ya shaba kuna blanketi la kijivu, vumbi lililoshikana na unyevu na nyuzi za nguo, nalo blowa ya nje inalisukuma tu lirudi ndani. Litolewe kwa kibano au brashi. Wakati wa kupuliza, mapanga ya feni yashikwe kwa kidole, maana hewa ya blowa inaweza kuyazungusha kwa kasi ambayo beringi zake hazikutengenezewa. Kisha kuna ule uji wa kupitisha joto kati ya prosesa na bati lake; baada ya miaka kadhaa huwa umekauka kama chokaa. Ufutwe kwa spiriti mpaka uso wa prosesa ung'ae, uwekwe mpya kiasi cha punje ya mchele, na skrubu zikazwe kwa kupokezana pembe kwa pembe, si moja hadi mwisho halafu nyingine. Kazi hiyo moja mara nyingi inairudisha mashine kwenye kasi ambayo mwenyewe alikuwa amekwisha kuisahau.

Halafu kuna chumba. Bati la kupozea haliwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa inayolizunguka. Linachofanya ni kuizuia isipande mno juu ya joto hilo. Kazi inayoipandisha prosesa nyuzi 55 juu ya hewa ya chumba itaifikisha 73 katika chumba cha nyuzi 18 huko London, na 87 katika chumba cha nyuzi 32 pale Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari. Mashine ni ile ile, ila ya pili imebakiwa na nafasi ndogo kabla ya kuanza kujipunguza kasi. Kwa watu wa pwani, basi, ratiba ni sehemu ya upozaji: majaribio mazito yapangwe alfajiri au usiku. Na pasipo na kiyoyozi, laptopu iliyoinuliwa juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini yake inapata nafuu ambayo yule aliyeiweka juu ya kitambaa cha meza hawezi kuielewa.

Lakini hatua inayopuuzwa kuliko zote ni kuifunga kasi kwa makusudi. Umeme unaotumiwa na prosesa hupanda pamoja na kasi, tena hupanda kwa kipeo cha pili cha volteji, na kasi kubwa hudai volteji kubwa. Ndiyo maana kupunguza kasi kidogo huleta ubaridi mwingi. Katika Linux kasi ya juu inaweza kuwekewa kikomo kwa amri moja. Katika Windows, kushusha kiwango cha juu cha prosesa hadi asilimia 99 kwenye mipangilio ya umeme, katika mashine nyingi, kunazima ile nyongeza ya ghafla ya kasi ambayo ndiyo chanzo kikubwa cha joto. Kazi za kujenga programu zigawiwe moja moja badala ya nne kwa pamoja. Au, bora zaidi, programu ijengwe kwenye mashine mpya na mkongwe aachiwe kuiendesha tu. Mtu atauliza: mashine ilikuwa ya polepole tayari, kwa nini kuipunguza zaidi? Kwa sababu polepole isiyobadilika inapimika. Mashine inayokwenda kwa gigahezi 1.4 saa zote inatoa matokeo yanayoweza kulinganishwa wiki hii na wiki ijayo. Ile inayorukaruka kati ya 2.6 na 0.8 kwa kufuata joto haitoi kitu cha kulinganisha.

Sasa faida yenyewe. Programu nyingi huandikwa na watu wenye mashine nzuri, na mashine nzuri huficha dhana mbaya. Chukua mfano ulio wa kawaida mno: jaribio linaiwasha seva ya hifadhidata, linasubiri sekunde mbili, kisha linaanza kuiuliza maswali. Kwenye mashine ya mwandishi seva inawaka kwa nusu sekunde, kwa hiyo mbili zinaonekana nyingi. Kwenye mashine kuukuu inachukua tano, na jaribio linaanguka. Atasema mashine ni mbovu. Mbovu ni lile jaribio, lililosubiri muda badala ya kusubiri seva iseme iko tayari. Na siku seva halisi itakapozidiwa na wateja, kosa lile lile litatokea kazini. Mashine ya polepole imeliona mapema. Vivyo hivyo kwa programu inayokula ramu bila kujali, inayodhani kila diski ni ya kisasa, au inayochora ukurasa mzima upya kila mtumiaji anapobonyeza herufi moja.

Wapo waliolijenga hili kuwa desturi ya mradi mzima. OpenBSD, mfumo unaosifika kwa usalama, hujengwa kwenye mashine halisi za kila aina unayoihudumia. Januari 2014 ulitoka mwito wa hadhara kwamba mradi ungeweza kuzimwa kwa kukosa fedha, na gharama iliyozungumzwa sana ilikuwa umeme, kiasi cha dola 20,000 kwa mwaka, kwa ajili ya mashine zilizokuwa nyumbani kwa mwanzilishi wake, Theo de Raadt, mjini Calgary, Kanada. Wengi waliuliza kwa nini wasizime zile kuukuu. Jibu la mradi limekuwa moja tangu zamani: aina tofauti za mashine hufichua makosa ambayo aina moja huyasitiri. Prosesa za SPARC, kwa mfano, hukataa kusoma namba iliyoanzia mahali pasipostahili katika kumbukumbu na kuiangusha programu pale pale, wakati prosesa za Intel huvumilia na kunyamaza. Fedha zilipatikana, mashine zikabaki. Hata hivyo ukongwe haukufanywa kuwa ibada: mashine za VAX ziliachwa baada ya toleo la 5.9 la mwaka 2016. Linux nayo iliiacha prosesa ya 386 katika toleo la 3.8 la mwaka 2013, na sidhani kuna aliyepata hasara.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni la kiigizaji: kuna QEMU, inayoweza kuiga SPARC, ARM na nyinginezo ndani ya mashine moja mpya, bila vumbi wala joto. Ni kweli, na kwa makosa ya mpangilio wa namba katika kumbukumbu kiigizaji kinatosha mara nyingi. Anayeweza kukitumia akitumie. Ila kiigizaji hakiigi kadi ya picha ya mwaka 2010 wala draiva yake, hakiigi diski inayosota, na mwendo wake wa wakati si mwendo wa mashine halisi. Kosa la mashindano ya wakati linaweza kupita humo bila kuonekana milele.

Pingamizi la pili, la umeme, lina uzito zaidi, na hapa nakubali nusu. Dekstopu za Pentium 4 za mwaka 2004 zilikuwa na prosesa zinazotoa wati 84 hadi 115 peke yake. Mashine ya hivyo haifai kuwashwa leo kwa kazi yoyote ambayo laptopu inaweza kuifanya. Lakini hesabu hutegemea saa. Mashine ya wati 100 ikiachwa wazi mchana na usiku inakula yuniti 2.4 kwa siku; ikiwashwa saa mbili tu jioni kwa ajili ya majaribio inakula 0.2. Tatizo la wengi ni kuiacha iwake kama seva, si kuwa nayo. La tatu ni la usalama: mfumo wa zamani haupati marekebisho. Jibu ni kuitenga na intaneti, au kuiwekea mfumo unaoishi bado. Debian 12 ina toleo la biti 32 lililopangiwa kutunzwa hadi Juni 2028, ingawa Debian 13 haina tena kisakinishi cha mashine hizo.

Na wale wanaosema hakuna tena anayetumia mashine kama hizi wangetembelea maabara za kompyuta za shule, ofisi za kata, na maduka ya stesheneri yanayochapa vyeti. Kwa Afrika Mashariki, ambako sehemu kubwa ya kompyuta huingia zikiwa zimetumika kwingine, mashine ya miaka kumi ni ya mteja wa leo, na programu inayojaribiwa kwenye laptopu ya bei mbaya peke yake inamjaribu mtu asiyekuwepo. Kundi hilo linaongezeka. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imesitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ambazo, kwa Intel, zinaanzia kwa sehemu kubwa na kizazi cha nane. Kompyuta nzima, zinazofanya kazi, zimekosa pa kwenda.

Mipaka ipo, na haina mjadala. Betri ya laptopu iliyovimba itolewe siku hiyo hiyo, mashine iendeshwe kwa chaja tu kama inakubali. Kikapasita kilichotutumka kichwani kibadilishwe au mazabodi itupwe, maana kwa makadirio ya mafundi kila nyuzi kumi zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu. Na upozaji hauponyi kila kitu. Utafiti wa Bianca Schroeder na wenzake wa Google, uliotolewa mwaka 2009, ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya ramu katika seva zao vikipata makosa kila mwaka, makosa yakizidi kadiri vipande vilivyozeeka. Joto, kinyume na matarajio, lilichangia kidogo. Ramu iliyofeli Memtest86+ haitapona kwa feni mpya.

Kuna jaribio moja ambalo mashine hizi zinalifaa kuliko zote, na muda wake unahesabika. Programu zinazohesabu sekunde kwa namba ya biti 32 kuanzia mwaka 1970 zitafika mwisho tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. OpenBSD iliondokana na tatizo hilo mwaka 2014. Debian 13 imelirekebisha kwa mashine zake za biti 32, isipokuwa zile za aina ya Intel, ambazo imeziacha makusudi ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi. Kama una mashine ya namna hiyo kabatini, isafishe, itoe kwenye mtandao, isogeze saa yake mbele hadi siku hiyo, kisha uendeshe humo programu ya mishahara au ya mikopo unayoitegemea. Fanya hivyo kabla hujamuuzia fundi vipuri.